Monita imegoma kuamka, aliyelala ni nani?

Mambo vipi wadau. Wiki kadhaa zilizopita nilianza kupata shida moja iliyoninyima raha kabisa: naacha kompyuta yangu ya Linux iko sawa, nakaa pembeni kama robo saa, narudi nagusa mausi, kimya. Natikisa mausi, nabonyeza kibodi, kimya. Kioo cheusi tii na kijitaa cha monita cha rangi ya machungwa kinawaka na kuzima polepole, huku feni za kompyuta nazisikia zinazunguka vizuri tu. Mwanzoni nilikuwa nashikilia batani ya pawa mpaka mashine izime halafu naiwasha upya, na siku moja nikapoteza kazi ya asubuhi nzima ambayo sikuwa nimeisevu, iliniuma sana. Hapo ndo nikasema hapana, hii lazima niujue mzizi wake.

Naandika kwa sababu ukitafuta msaada utakuta mtu mmoja anakwambia badilisha draiva, mwingine rudi kwenye keneli (moyo wa Linux) ya zamani, mwingine ongeza maneno fulani kwenye GRUB, ile programu inayowasha mfumo, na karibu hakuna anayekuuliza swali la kwanza, ambalo kwangu mimi ndo lilikuwa na jibu lote ndani yake: aliyelala nani hapo, kompyuta au monita? Maana huo ni usingizi wa aina mbili na dawa ya mmoja haimsaidii mwingine hata kidogo.

Kompyuta ikilala yenyewe, ile saspendi, prosesa inasimama, programu zote zinaganda, na RAM tu ndo inabakiziwa umeme wa kuikumbusha ilipoishia. Monita ikilala, kompyuta iko macho kabisa, dawnlodi zinaendelea, muziki unaendelea, ila imeacha kupeleka picha kwenye waya. Ukiwa umekaa mbele ya kioo cheusi huwezi kutofautisha kwa macho. Kipimo cha haraka ni Caps Lock, ibonyeze uone kama taa yake kwenye kibodi inawaka na kuzima, ikitii basi mfumo uko hai. Kipimo kizuri zaidi ni ssh, programu ya kuingia kwenye kompyuta yako kwa maandishi kupitia mtandao. Isakinishe mapema kabla shida haijatokea, halafu siku ikitokea unaingia kwa simu au kompyuta nyingine iliyo kwenye mtandao huohuo. Mimi nilivyoingia kwa simu na kukuta kila kitu kinatembea, programu zangu zote ziko wazi na ile kazi iko palepale, niliumia kukumbuka mara zote nilizoizima kwa nguvu.

Basi kwangu aliyelala alikuwa monita. Sasa kwa nini haamki?

Hapa inabidi nirudi nyuma kidogo. Mpango wa kompyuta kuiambia monita ikalale unaitwa DPMS, VESA (chama kinachoweka viwango vya vioo) waliutoa mwaka 1993, enzi za zile monita kubwa za kioo kizito. Kipindi hicho ilikuwa rahisi: kwenye waya wa VGA, ule wa picha wa zamani, kuna mapigo mawili, la mlalo na la wima, ukikata la mlalo monita inaingia standibai, ukikata la wima inaingia saspendi, ukikata yote inazima. Ndo maana mpaka leo ukiandika xset q kwenye Xorg (mfumo wa zamani wa kuchora picha kwenye Linux, mpya ni Wayland) unaona Standby, Suspend na Off, kila moja na sekunde zake, mara nyingi 600, japo kwa monita za sasa zote tatu zinaishia kuwa kitu kimoja tu, imewaka au imezima. Monita ya VGA haikuwa na mjadala, mapigo yakirudi inaamka.

DisplayPort, aina ya kisasa ya waya wa picha, ni habari nyingine kabisa. Kule waya sio bomba la kumwaga picha tu, ni mazungumzo. Kabla picha haijatoka, kompyuta na monita wanakubaliana kwanza, spidi gani, njia ngapi, na kuna pini moja inaitwa HPD ambayo kazi yake ni monita kusema "nipo". Hiyo pini ikishuka kwa zaidi ya milisekunde 2 kompyuta inahesabu kwamba umechomoa waya. Sasa kuna monita ambazo zikiingia usingizi mzito, ili kuokoa umeme, zinazima mpaka hiyo pini. Waya umechomekwa, hujaugusa, ila kwa kompyuta monita imeondoka.

Niliona kwa macho yangu. Nikaacha monita ilale, nikaingia kwa ssh, nikaandika:

grep . /sys/class/drm/*/status

Hii inakuonyesha kila tundu la picha na hali yake. Tundu langu, card1-DP-1, likajibu disconnected. Waya uko palepale! Nikafungua na hii nyingine ili nione tukio lenyewe linapotokea:

udevadm monitor --kernel --subsystem-match=drm

Nikaituma monita ikalale kwa makusudi, nikahesabu, zikapita kama sekunde kadhaa hivi ikatokea mstari wa change. Hapo ndo ile pini imeshuka, keneli imepiga kelele, desktopu imesikia ikazima lile tundu maana monita "haipo". Na ukielewa hapo umeelewa kila kitu: monita inasubiri ione picha ndo iamke na kuinyanyua pini, kompyuta inasubiri ione pini imenyanyuka ndo ipeleke picha. Kila mmoja anamngoja mwenzake aanze, unaweza kutikisa mausi mpaka kesho.

Na kumbe dalili zilikuwepo muda mrefu. Kipindi nilipokuwa na monita mbili, kila nikirudi nakuta madirisha yote yamehamia kwenye monita moja yamerundikana, nikadhani ni tabia ya desktopu. Ilikuwa ni ugonjwa uleule, ila monita ya pili ilikuwa inaubeba. Nilipobaki na moja hakukuwa na pa kuhamia tena.

Jinsi ya kuituma ikalale kwa makusudi, hii itakuokolea muda mwingi maana kungoja dakika kumi kila jaribio kunachosha. Kwa Xorg:

sleep 2; xset dpms force off

Hizo sekunde mbili ziweke, usipoziweka kule kuachia kitufe cha enter kunaiamsha palepale na utadhani imegoma kulala. Ukitaka kufanya kwa ssh tanguliza DISPLAY=:0 mbele ya xset. Kwa Wayland xset haisaidii kitu, kila desktopu ina mlango wake, kwa desktopu ya KDE ni kscreen-doctor --dpms off, kwa sway ni swaymsg "output DP-1 power off".

Haya, dawa. Niliingia kwenye menyu ya monita yenyewe, ile ya vitufe vya chini ya kioo, nikazunguka weee mpaka nikakuta sehemu imeandikwa Deep Sleep, nikaizima. Ni hilo tu. Nikarudia jaribio mara ishirini, nilihesabu, mara zote ikaamka ndani ya sekunde mbili tatu. Monita nyingine hiyo sehemu inaitwa jina lingine, tafuta chochote kinachogusa kuokoa umeme. Na ukiwa hapohapo angalia ile ya kutafuta chanzo cha picha yenyewe, auto input, kama unatumia tundu moja tu ichagulie hilo moja iache kuzunguka, maana kuna monita zinaamka, zinaanza kupekua HDMI, zinarudi kwenye DisplayPort zimechelewa, kompyuta imeshakata tamaa.

Waya nao usiuamini tu kwa sababu picha inaonekana. Kwenye DisplayPort kuna pini ya 20, ni ya umeme wa volti 3.3, na kwa sheria ya hiyo standadi waya wa kawaida hautakiwi kuunganisha pini hiyo upande mmoja hadi mwingine. Kuna nyaya zimetengenezwa vibaya zinaunganisha, umeme wa monita unaingia kwenye kadi ya picha na unaanza kuona vituko, mara kompyuta imezimwa lakini kuna taa inawaka, mara haiamki. Kabla hujabadilisha draiva azima waya mwingine ujaribu, ni kazi ya dakika moja.

Kama monita yako haina sehemu ya kuzima huo usingizi mzito, bado kuna njia. Ya kwanza ni kuliamsha tundu kwa mkono, kwa Xorg unaandika xrandr --output DP-1 --off halafu xrandr --output DP-1 --auto, mimi nilikuwa nimezifungia kwenye skripti moja na kuiwekea kifupisho cha kibodi, nabonyeza gizani picha inarudi mara nyingi, sio zote. Wakati mwingine inatosha kwenda Ctrl+Alt+F3 halafu kurudi kwenye desktopu, maana kule kuhama kunalazimisha picha ipangwe upya. Ya pili ni kuiambia keneli tangu inapowaka ihesabu hilo tundu lina monita hata pini ikisema haina, unaongeza video=DP-1:e kwenye maneno ya kubuti. Jina la tundu lichukue kwenye ile grep ya juu, bila kile kipande cha card, usinakili langu. Ya tatu, ambayo mimi binafsi siipendi ila inafanya kazi, ni kuzima DPMS kabisa kwa xset -dpms pamoja na xset s off na kuzima monita kwa kitufe chake unapoondoka. Siipendi kwa sababu ukisahau kioo kinawaka usiku kucha.

Sasa kama kwenye kile kipimo uligundua aliyelala ni kompyuta na ndo haamki, yote niliyosema hapo juu weka pembeni. Anzia hapa: cat /sys/power/mem_sleep. Utaona s2idle (usingizi mwepesi) au deep (usingizi mzito) au vyote, kilichozungukwa na mabano ndo kinachotumika. Ukiviona vyote, jaribu kile kingine kabla ya kugusa kitu chochote, kwa kubuti na mem_sleep_default=deep au s2idle. Wenye kadi za NVIDIA na draiva yao yenyewe waangalie kwa systemctl kama huduma za nvidia-suspend na nvidia-resume zimewezeshwa. Na ikishindikana ukalazimika kuizima, ukiwasha tena kitu cha kwanza ni journalctl -b -1 -k, ndo logi ya keneli ya ule mzunguko uliokufa, nenda mwisho kabisa usome mistari ya mwisho. Mara nyingi draiva inayolaumiwa inajitaja hapo yenyewe kwa jina, amdgpu (ya AMD), i915 (ya Intel), nouveau (ya NVIDIA). Kama logi imekatika palepale kwenye kulala bila neno lolote la kuamka, basi mashine haikuamka kabisa, na monita yako haina kosa.

Jana keneli imepandishwa, nikarudia ile sleep 2 mara tano, ikaamka zote tano. Skripti ya xrandr nimeiacha palepale, na ssh sijaizima.