Nilivyomnywesha ORS mtoto aliyekuwa anatapika kila kitu

Mwanangu alikuwa na miezi 10 alipoanza kutapika usiku, na kabla hakujakucha akawa anaharisha maji matupu. Pakiti za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji kwa anayeharisha, huwa sizikosi ndani. Nilichanganya pakiti nzima kwenye lita 1 kamili ya maji safi, kwa chombo chenye vipimo. Hapo sikubali kukadiria kwa macho: ikiwa nzito mno, chumvi inamzidi mtoto.

Kazi ilikuwa kuyafanya yakae tumboni. Kila alichokunywa kilirudi. Nikampigia simu muuguzi tunayefahamiana, akaniambia, “Mama, weka kikombe pembeni. Chukua kijiko cha chai, mpe kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika 10, halafu anza tena taratibu zaidi.”

Nikampakata, kichwa kikiwa juu. Nilikuwa nagusisha kijiko kwenye mdomo wa chini, namwacha avute mwenyewe. Mengine yalimwagikia kidevuni, nafuta, naendelea. Katikati nilimnyonyesha, muda mfupi mfupi ila mara kwa mara. Mkono unachoka na usingizi unakubana, lakini kwa mwendo huo yalianza kukaa.

Natamani kila mzazi ajue kwamba ORS haizuii kuharisha. Wengi huiacha baada ya saa chache, wakisema haifanyi kazi kwa kuwa choo bado ni maji. Yenyewe inarudisha maji na chumvi zinazopotea. Sukari iliyomo inausaidia utumbo kufyonza chumvi, na maji yanafuata humo humo. Ndiyo maana choo hakikunivunja moyo. Niliangalia kama anakojoa, kama akilia machozi yanatoka, kama mdomo una mate, kama utosi haujabonyea. Nilifinya kidogo ngozi ya tumbo na kuiachia: ilirudi papo hapo. Kila alipoharisha nilimwongezea mililita 50 hadi 100, kwa kijiko kilekile.

Asubuhi tukaenda kliniki. Walimpima uzito, wakamkagua, wakatupa vidonge vya zinki vya miligramu 20, kimoja kila siku kwa siku 10, hata kama kuharisha kutakoma mapema. (Mtoto wa chini ya miezi 6 hupewa nusu.) Nilikiyeyusha kwenye kijiko chenye maziwa yangu, akameza. Ndugu waliuliza kwa nini hatukupewa antibiotiki. Kuharisha maji kwa watoto wadogo mara nyingi huletwa na virusi, kama rota, na antibiotiki haiui virusi. Dawa za kufunga tumbo ndiyo kabisa, si za mtoto wa umri huo.

Tuliambiwa turudi saa hiyohiyo akionyesha damu kwenye choo, akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu hata kwa kijiko, macho yakidumbukia, au akilegea na kuwa mgumu kuamka. Hayo hayasubiri kukuche, na ukiwa njiani endelea kumpa vijiko maadamu anameza.

Chakula hatukumnyima. Kutapika kulipotulia nilimpa chakula chake cha kila siku, kidogo kidogo, na alipopona nikamwongezea mlo mmoja kwa siku kwa wiki 2, mpaka mizani ikaonyesha uzito wake umerudi.