Jinsi nilivyochagua mshipi wa kuvulia paiki katika maji baridi ya Mälaren

Novemba ya mwaka wangu wa pili mjini Västerås, nchini Uswidi, nilisimama ukingoni mwa Ziwa Mälaren maji yakiwa na nyuzijoto 5, nikiwa na fimbo nzuri, rili nzuri (gurudumu la kuzungushia mshipi) na mshipi uliokataa kunyooka. Kila nilipourusha ulitoka kwenye pete za fimbo ukiwa umejiviringa kama waya wa simu za zamani, ukaanguka majini na kubaki na mikunjo yake vivyo hivyo. Nilivua siku tano za namna hiyo bila kupata samaki hata mmoja, ingawa ninaamini kwamba angalau mara tatu samaki alikuwa amekamata chambo changu. Ninaandika jinsi nilivyoutatua mkasa huo kwa sababu Waswahili tunaovua huku Kaskazini tumeanza kuwa wengi, na wengi wetu tumekuja na maarifa ya mshipi wa bahari yenye joto, ambayo ni maarifa mazuri lakini hayatoshi mahali ambapo maji hukaribia kuganda.

Paiki, ambaye Waswidi humwita gädda, ni samaki mrefu wa maji baridi mwenye mdomo bapa uliojaa meno makali. Aliyekulia pwani atamfananisha na mzia, kwa umbo na kwa tabia ya kujificha na kushambulia ghafla. Mimi humvua kwa inzi bandia, yaani chambo cha manyoya na nyuzi kilichofungwa juu ya ndoana, chenye urefu wa sentimita 15 hadi 20. Katika uvuvi huu hakuna chubwi, na chambo chenyewe ni chepesi mno kurushwa peke yake; uzito unaokipeleka mbali umo ndani ya mshipi, ambao ni mnene, umetengenezwa kwa tabaka mbili, na kwa kawaida una urefu wa takriban mita 30. Ndiyo maana mshipi ukiwa mbaya hakuna fimbo inayoweza kukuokoa.

Kosa langu lilitokana na nia njema. Nilitaka mshipi mmoja utakaonifaa Mälaren wakati wa baridi na Tanga ninapokwenda likizo, na muuzaji akanihakikishia kwamba uliotengenezwa kwa ajili ya bahari ya joto ungevumilia hali yoyote kwa kuwa ulikuwa mgumu na imara. Namba ya uzito iliyoandikwa kwenye kasha ililingana na namba ya fimbo yangu, bei ilikuwa kubwa, nami nikatosheka. Sikuuliza umetengenezwa kwa kitu gani, na hilo ndilo swali nililopaswa kuanza nalo.

Madhara yake niliyaelewa polepole. Paiki ni samaki ambaye joto la mwili wake hufuata joto la maji. Maji yakipoa, mmeng'enyo wake hupungua kasi, naye huacha kukimbiza mawindo mbali na badala yake hukamata kwa utulivu kile kinachompitia karibu. Wakati wa kiangazi hupiga chambo kwa nguvu kiasi kwamba hata mtoto mdogo angejua. Novemba anaweza kukifumba mdomoni, akasimama nacho kwa sekunde mbili au tatu, kisha akakitema. Mvuvi hujua kwa kidole tu kwamba mshipi umekuwa mzito kidogo, na hapo huuvuta kwa mkono ili ndoana ishike. Sasa mshipi wenye mikunjo hamsini kati ya kidole chako na samaki hauwezi kukupelekea habari hiyo, kwa maana samaki anapovuta hukunjua mkunjo tu, na wewe unapovuta hukunjua mwingine, na kabla mshipi haujakaza samaki amekwisha kuondoka.

Jioni moja nilimpigia simu mjomba wangu, ambaye amevua kwa mshipi wa mkono huko Tanga tangu kabla sijazaliwa.

“Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba, mwanangu. Huko baridi haijakumaliza?”

Nilimweleza shida yangu kwa kirefu. Akaniuliza kama nilikuwa nimeunyoosha mshipi kabla ya kuutumia, kwa sababu yeye mshipi mpya wa nailoni huufunga kwenye mnazi, akauvuta wote pale ufukweni mpaka ukasahau umbo la kigurudumu chake, ndipo anapouingiza chomboni. Siku iliyofuata nilifanya hivyohivyo kwa kuuzungusha kwenye mti uliokuwa kando ya ziwa. Ulinyooka vizuri kabisa, nikafurahi, na baada ya kama dakika kumi majini ukaanza tena kujikunja. Nilipomrudishia taarifa, mjomba alinyamaza kidogo, kisha akasema, “Basi huo si mshipi uliokunjika, mwanangu. Huo ni mshipi unaosikia baridi.”

Maneno hayo ndiyo yaliyonipeleka kwenye jambo lenyewe. Mshipi wa inzi bandia una uzi wa ndani, ambao hubeba nguvu, na ganda la nje, ambalo hubeba uzito na kuamua kama utaelea au utazama. Ganda la mishipi mingi ni plastiki ya PVC, ambayo kwa asili ni ngumu na hulainishwa kwa kuchanganywa na viowevu maalumu. Watengenezaji wa mshipi wa nchi za joto hukusudia kulifanya ganda liwe gumu zaidi, maana juani, penye nyuzijoto 30 na ushei, ganda laini lingenata kwenye pete za fimbo na mshipi ungelegea kama uzi uliolowa. Aghalabu huongeza uzi wa ndani ulio mgumu pia. Ukiuchukua mshipi huo hadi kwenye maji ya nyuzijoto 5, ugumu uliokuwa fadhila unageuka kuwa kasoro, kwa kuwa baridi huongeza ugumu juu ya ugumu. Mshipi wa maji baridi hutengenezwa kinyume chake: ganda hubaki laini, na ndani yake hutiwa uzi uliosukwa kwa nyuzinyuzi nyingi nyembamba, ambao hauna tabia ya kukumbuka umbo la rili. Wapo pia wanaotumia plastiki ya poliyurethani badala ya PVC, kama kampuni ya Airflo ya Wales.

Tahadhari moja niliipata kwa jirani yangu, mzee wa Kiswidi ambaye amevua ziwa hili maisha yake yote: mishipi inayoonekana kama kioo, ile inayozama taratibu, mara nyingi ina uzi wa ndani wa nailoni moja nene, na kwa hiyo hujikunja kwenye baridi hata kama kasha linasifu matumizi yake kwa paiki. Huo ndio mshipi niliokuwa karibu kuununua mara ya pili.

Sikutaka tena kuamini kasha wala muuzaji, kwa hiyo nilifanya jaribio jikoni. Jirani alinikatia vipande vya mita moja moja kutoka kwenye mishipi yake mizee mitatu, nami nikakata kipande kwenye ncha ya nyuma ya mshipi wangu. Nilivizungusha vyote kwenye kopo la ukubwa wa rili, nikavifunga, nikaviweka katika beseni la maji yenye barafu kwa saa moja, kisha nikavitoa kimoja kimoja na kuvishika kwa ncha vikining'inia. Kipande changu kilibaki duara. Kile kilichofanana na kioo kilifunguka nusu tu. Viwili vyenye ganda laini na uzi wa kusukwa vilining'inia karibu sawasawa, na nilipovivuta mara moja vikanyooka kabisa. Ningependa kila duka la vifaa vya uvuvi liwe na beseni la namna hiyo karibu na mlango.

Baada ya kujua mshipi uwe wa kitu gani, nilibaki na swali la kina. Mshipi unaoelea niliuondoa mapema kwa miezi ya baridi, kwa sababu kila unapouvuta humwinua inzi kuelekea juu, ilhali kuanzia Oktoba magugu ya maji hufa, samaki wadogo huhamia kwenye kina, na paiki huwafuata. Nilihitaji mshipi unaozama na kukaa kwenye kina kilekile hata ninapovuta polepole na kusimama kwa muda mrefu. Mishipi inayozama taratibu, yenye herufi I kwenye kasha, hushuka kwa takriban sentimita 3 hadi 4 kwa sekunde. Ile ya S3 hushuka kwa sentimita 7 au 8. Mahali ninapovua Novemba pana kina cha mita 3 hivi, na nilitaka inzi apite nusu mita juu ya tope. Kwa mshipi wa I ningesubiri zaidi ya dakika moja kila ninaporusha, na mikono isingestahimili baridi hiyo. Kwa S3 ninahesabu mpaka thelathini na tano na kuanza kuvuta. Nikachagua S3 kwa vuli.

Aprili mambo hubadilika. Barafu ikishayeyuka, ghuba ndogo zenye matete hupata joto kabla ya sehemu nyingine za ziwa, na paiki huingia humo kuzaa penye maji ya chini ya mita moja. Huko S3 ingezoa tope. Kwa hiyo nilinunua mshipi wa pili, wa I, ila wenye uzi wa kusukwa, nao huutumia kwenye miteremko iliyo nje ya ghuba, kwa kuwa samaki walio katika kuzaa sipendi kuwasumbua.

Kuhusu uzito sikuhangaika sana. Fimbo yangu ni ya namba 9, na kipimo cha kawaida cha mshipi wa namba hiyo ni gramu 15.6 katika mita 9 za mwanzo. Inzi mkubwa aliyelowa huhitaji zaidi ya hapo, na watengenezaji wa mishipi ya paiki hulijua hilo. Wangu una gramu 22 kwenye kichwa kifupi, yaani sehemu nene ya mbele, hivyo ninaurusha bila kuuzungusha hewani mara nyingi. Rangi niliiacha kabisa.

Mbele ya mshipi unaozama ninafunga lida, yaani uzi mwembamba unaounganisha mshipi na inzi, fupi ya mita 1 na nusu, maana lida ndefu ingemwacha inzi akielea juu ya mshipi, na mwisho wake ninaweka waya wa sentimita 35 kwa ajili ya meno. Hewa ikiwa chini ya sifuri barafu hujaa kwenye pete, na njia iliyonifaa ni kuitumbukiza fimbo majini kila baada ya muda, kwa sababu maji ni ya joto kuliko hewa. Sipaki mafuta ya mgando ya petroli kwenye pete, kwani huharibu ganda. Na kila asubuhi kabla ya kurusha, ninaufunga mshipi kwenye mti na kuuvuta, kama mjomba alivyonifundisha; mshipi mzuri nao huhitaji hilo, ila wenyewe haurudi kwenye mikunjo.

Novemba iliyofuata, siku ya pili tu, mshipi ulikuwa mzito kidoleni kana kwamba umegusa jani lililolowa. Nikavuta, na jani likavuta. Alikuwa paiki wa sentimita 84, ambaye nilimwachilia pale pale.

Ule mshipi wa nchi za joto niliusafirisha Tanga Desemba, nikamwonyesha mjomba. Katika maji ya nyuzijoto 28 ulinyooka kama uzi wa fundi mwashi. Mjomba aliupitisha katikati ya vidole vyake, akautazama kwa muda, kisha akaniomba nimwachie.