Nane Tu

Jana jioni binti yangu alikuwa anatafuta karatasi ya kufanyia hesabu. Akachomoa moja ndani ya kitabu changu cha Mwimbieni Bwana, akaigeuzageuza, akanifuata nayo jikoni.

"Baba, ulikosa?"

"Nilikosa nini?"

"Hesabu. Mwalimu amekukata."

Nikafuta mikono, nikaipokea. Mstari wa juu ni mwandiko wangu, wino wa bluu: 8 + 2 2/3 + 1 3/5. Umekatwa kwa penseli, mkato mmoja ulionyooka kama wa rula. Chini yake, kwa penseli ileile, herufi zimelala kidogo: "8 tu."

Nilitaka kumwambia kwamba hiyo si hesabu, nikasita, maana ni hesabu kweli. Gawa 8 kwa 3, nikamwambia. Akagawa kwa kidole hewani: mbili na theluthi mbili. Gawa 8 kwa 5. Moja na tatu juu ya tano. Akaitazama tena karatasi.

"Sasa kama ni sahihi, kwa nini alikukata?"

Mpaka naandika hapa sijamjibu.

Ilikuwa juma la Pasaka, 2016. Nilikuwa na kompyuta, kibodi mbili juu ya stendi, na vikanyagio alivyonichongea fundi seremala kwa mbao za mvule, mimi nikaviunganisha na nyaya za kinanda kilichokufa. Ndani ya kompyuta ile kulikuwa na ogani nzima ya mabomba. Watu wenye subira waliingia usiku kwenye kanisa la zamani huko Ulaya, wakarekodi kila bomba peke yake, kitufe kimoja kimoja, stopu moja moja (stopu ni safu ya mabomba yenye sauti ya aina moja), na kila mara wakangoja mwangwi uishe kabisa ndipo waguse kitufe kinachofuata. Ukibonyeza, kinacholia si umeme unaoiga ogani. Ni bomba lenyewe, kwa upepo wake wa usiku ule. Jambo hili linanigusa hadi leo.

Kwa ibada ya Ijumaa Kuu nilichagua "Ich ruf zu dir, Herr Jesu Christ" ya Bach, mtunzi Mjerumani, namba 639 katika orodha ya kazi zake. Nyimbo zetu nyingi zilipanda huku mlimani na wamisionari wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, na Leipzig ndiko Bach alikofanya kazi tangu 1723 hadi alipofariki 1750, ingawa kipande hiki ni cha kabla ya hapo, enzi zake mjini Weimar. Hakifiki dakika tatu kwa mwendo wangu. Mkono wa kulia unaimba, wa kushoto unanong'ona bila kupumzika, miguu inatembea. Sauti tatu, basi.

Alhamisi jioni nikaanza mazoezi kanisani. Kipande kiko kwenye ufunguo wa F maina, kwa hiyo A flati, noti ya kitufe cheusi kati ya G na A, huikwepi. Kila ilipolia pamoja na F ilikuwa imelegea, na ilipokutana na E flati spika zilitoa mlio wa mnyama. Nikazima, nikakagua nyaya, nikawasha. Mlio uleule.

"Spika hazina neno," ikatoka sauti kwenye benchi la nyuma. "Hiyo A flati siyo A flati."

Alikuwa Mwalimu. Kinanda alijifunzia chuo cha ualimu, kile cha kukanyaga upepo kwa miguu. Ogani ya mabomba hakuwahi kuiona maishani mwake, lakini alikuwa na masikio yale. Nikafungua mipangilio ya programu, nikaona. Juma lililotangulia nilikuwa napiga Sweelinck, mtunzi wa Uholanzi wa kabla ya Bach, nikaacha programu kwenye mtindo wa kutuni wa zama zake, mintoni. Mtindo huo huzifanya C na E, au G na B, zikubaliane kabisa bila kutetemeka, lakini gharama inalipwa kwingine. Kitufe cheusi kati ya G na A kinatuniwa kuwa G shapu, na hakiwezi kuwa A flati pia. Tofauti yake ni karibu nusu ya nusu-toni. Kikilia pamoja na E flati kinabweka, na mafundi wa zamani wa Ulaya walimpa mnyama huyo jina: mbwa mwitu. Nikabadilisha, nikaweka mtindo wa kutuni wa Andreas Werckmeister, Mjerumani mtaalamu wa ogani, aliouchapisha mwaka 1691. F maina ikabaki na uchungu wake lakini ikaacha kuuma.

Kama si mbwa mwitu huyo, Mwalimu asingesogea mbele. Alisogea, akakaa benchi la kwanza, akaniuliza maneno ya wimbo yanasemaje.

"Nakuita wewe, Bwana Yesu Kristo, nakusihi, sikia kilio changu."

Akaomba karatasi yangu ya stopu. Nikamweleza. Hiyo 8 ni futi, urefu wa bomba la C ya chini kabisa, kama mita mbili na nusu hivi. Ya 2 2/3 ni theluthi ya urefu huo, nayo inalia oktavu moja na noti ya tano juu yake. Ya 1 3/5 ni moja ya tano ya urefu, inalia oktavu mbili na noti ya tatu juu. Zote mbili huzisikii kama sauti za pembeni, zinazama ndani ya ile ya 8 kama iliki kwenye chai, na sauti inapata pua, inapata machozi. Wajerumani huziita pamoja Sesquialtera. Nikampigia mistari miwili ya mkono wa kulia. Niliipenda sauti ile kuliko kitu chochote nilichokuwa nimewahi kupiga.

Akasikiliza hadi mwisho. Akatoa penseli mfuko wa shati.

"Huyu mtu yuko peke yake," akasema. "Wewe umempa wenzake wawili."

Akakata, akaandika.

Ijumaa kanisa lilijaa, umeme haukukatika. Nilianza kama alivyoandika, ile ya 8 peke yake, bomba lililozibwa juu, laini, unasikia linavyovuta pumzi kabla ya kila noti. Sehemu ya kwanza ya kipande Bach aliiwekea alama ya kurudia. Nilipofika kwenye alama ile kidole gumba kikaenda chenyewe kwenye kitufe nilichokitenga, nikaongeza zile mbili. Sikumtazama. Sauti ikafunguka, ikawa ya mtu anayelia bila kujificha, nami nikaenda nayo hadi mwisho.

Nikainua mikono, nikainua miguu, na sauti haikuisha.

Kanisa letu ni la bati, dari la mbao, siku ile limejaa watu na vitenge vyao. Halina mwangwi. Ukipiga kofi linamezwa papo hapo. Lakini mwangwi ulikuwa ndani ya rekodi, wa kanisa la mawe la mbali, tupu, usiku. Sekunde nne, labda tano. Mama mmoja mzee kwenye benchi la pili aliinua uso darini, kisha taratibu akausindikiza kwa macho kuelekea madhabahuni, kama mtu anayemfuata ndege aliyeingia ndani. Hakuna aliyekohoa. Mwalimu alikuwa amefumba macho, kofia magotini. Aliyafumbua ilipoisha kabisa, si kabla.

Nje aliniambia, "Miguu yako leo ilikuwa sawa." Basi. Nami sikuuliza. Mvua za vuli za mwaka ule tukamzika.

Tangu hapo nimepiga kwa namna zote mbili mara nyingi, usiku, kwa spika za masikioni. Huwa najitetea kwamba yale maneno yanapoirudia tuni ile yanabadilika: mara ya kwanza mtu anaita, mara ya pili anaomba neema asikate tamaa, na anayeomba hivyo pengine anahitaji kusindikizwa. Halafu naipiga ile ya 8 peke yake, naona Mwalimu alikuwa na haki. Halafu naongeza zile mbili na siwezi kuzitoa.

Leo asubuhi nimeikuta karatasi mezani. Chini ya "8 tu" binti yangu ameandika 8 ÷ 3 na 8 ÷ 5, na majibu yake, na kuweka alama ya vema. Kwanza nilitaka kuvifuta kwa ufutio wake. Nimeirudisha kitabuni ilivyo.