Broka Iliyojifungia Ndani

Mwaka 2021 shangazi aliingiza vifaranga wapya bandani kwake Kibaha, nami nilikuwa nimemwahidi vipimajoto ambavyo angevisoma kwenye simu bila kutoka kitandani. Kifaranga wa wiki ya kwanza anataka nyuzi 32 hadi 35. Joto likishuka usiku wanalundikana kwenye kona, na asubuhi unaokota waliokandamizwa.

Kila kona ya banda niliweka kijibodi cha ESP8266, yaani kisakiti kidogo chenye waifai, pamoja na kipimajoto. Sebuleni, nyuma ya televisheni, Raspberry Pi, kompyuta ndogo, yenye programu ya Mosquitto, ambayo ndiyo broka: vijibodi vinapeleka ujumbe kwake, simu inauchukua kwake, kwa itifaki, yaani kanuni za mawasiliano, iitwayo MQTT. Intaneti haihitajiki, ruta ya ndani inatosha, na bando la shangazi halina tabia ya kufika mwisho wa mwezi. Itifaki yenyewe ilibuniwa mwaka 1999 kwa ajili ya mabomba ya mafuta yaliyotuma taarifa kwa setilaiti. Banda la kuku lingeishinda nini?

Nikawasha kijibodi cha kwanza. Skrini ya laptopu ikaandika namba ya matokeo, rc=-2. Kikatulia kidogo, kikarudia rc=-2. Yaani hakikufika hata kwa broka. Kingefika kikakataliwa, namba ingekuwa nyingine.

"Baba, kinasoma?" Shangazi alikuwa amesimama na beseni la pumba.

"Bado, shangazi. Njia haijapatikana."

Nikaishuku ruta. Ziko ruta zenye kipengele cha kuzuia vifaa vya waifai visionane, na kikiwa kimewashwa unaweza kulia. Lakini laptopu iliipigia Pi ping, yaani hodi ya kujaribu njia, ikajibiwa. Bati la banda nalo halikuwa na hatia, kwani kijibodi kilishika waifai na kupewa anwani. Cha ajabu, nikiingia ndani ya Pi na kutuma ujumbe humohumo, unapokelewa papo hapo.

Nikaandika ss -tln, amri inayoonyesha mashine inasikiliza kwenye anwani zipi. Jibu: 127.0.0.1:1883. Hiyo ni anwani ya mashine kuongea na nafsi yake, na 1883 ni mlango wa MQTT. Logi ya Mosquitto nayo ilisema waziwazi kwamba imewaka kwa matumizi ya ndani tu. Tangu toleo la 2.0, lililotoka Desemba 2020, Mosquitto isiyopewa maelekezo haisikilizi mtandao. Matoleo ya nyuma yalimpokea yeyote abishaye hodi. Mchana wangu ulikwisha hivyo, lakini mabadiliko hayo nayaunga mkono. Broka iliyoachwa wazi ni sawa na kumkabidhi jirani swichi zako.

Kwenye faili la usanidi nikaongeza listener 1883 (sikiliza mtandao), kisha allow_anonymous false (asiyejitambulisha asiingie), kisha password_file na mahali lilipo faili la pasiwedi. Ningeweza kuandika true nikaenda zangu kula, ila waifai ile wapangaji wote wanaijua. Pasiwedi nikaitengeneza kwa mosquitto_passwd, nikaiwasha broka upya. Sasa ss ikaonyesha 0.0.0.0:1883, yaani anwani zote za mashine, na kijibodi kikaja na rc=5. Nilifurahi kuliko inavyostahili: tano maana yake hujaruhusiwa, kwa hiyo tumeshafika, tunaulizwa majina. Nikaingiza jina na pasiwedi kwenye programu ya kijibodi, nikaipakia tena.

"Shangazi, kona ya mlangoni iko nyuzi 28."

"Nilisema mimi pale panapita upepo!" Akamtuma binamu yangu gunia la kuzibia.