Kiberiti

Juzi usiku umeme ulipokatika hapa Mbeya niliwasha kiberiti ili nitafute mshumaa, na kabla utambi haujashika moto ile harufu ilikuwa imekwisha kunirudisha Tukuyu, mwaka 1992, katika ukumbi wa kanisa, mvua ikipiga bati na Bibi akiwa amekaa benchi la mbele kabisa, ingawa walioalikwa tulikuwa sisi wanafunzi wa kidato cha pili.

Jinsi televisheni na deki vilivyopatikana ni hadithi ndefu ya mwalimu wetu wa jiografia na watu aliowaazima. Jenereta ililetwa kwa pikapu, na watu wakajaa hadi madirishani. Tuliahidiwa kuonyeshwa volkano, nasi tuliozaliwa chini ya Rungwe na Kyejo tulijiona wenyeji wa jambo hilo.

Mkanda ulihusu kazi ya Katia na Maurice Krafft, mke na mume kutoka Alsace, Ufaransa, ambao kwa zaidi ya miaka 20 walifuata milima iliyokuwa ikilipuka, mke akipiga picha za mnato na mume akishika kamera ya filamu. Mwalimu alitueleza kwamba walifika hata Ol Doinyo Lengai, huko kaskazini mwa nchi yetu, ambako lava ni nyeusi na nyepesi kama uji, na joto lake ni nyuzi 500 hivi tu, karibu nusu ya joto la lava ya milima mingine. Hiyo “tu” yake ilituchekesha.

Kisha akatokea mtu aliyevaa vazi linalong'aa kama bati jipya, kofia imemfunika hadi mabegani, akitembea kuelekea ukuta wa moto uliokuwa ukirusha mawe mekundu juu sana. Hakuwa na haraka. Alitembea kama mtu anayekwenda kisimani asubuhi. Ukumbi mzima ulinyamaza, na katika ukimya huo Bibi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

“Mwalimu mwanangu, wazee wetu waliuona moto wa Kyejo wakaukimbia. Huyu anaufuata?”

Watu wakacheka, kwa kuwa moto huo wa takribani miaka 200 iliyopita kila mtoto wa kwetu amesimuliwa. Bibi hakucheka.

“Na huyo anayempiga picha, yeye amesimama wapi?”

Hapo ndipo jenereta ilipozima. Hakuna aliyetoka. Katika giza lile tulimsikia mwalimu akipapasa mifuko, kisha kiberiti kikawaka, na uso wake ukaonekana nusu.

“Amesimama nyuma yake, Bibi. Walikuwa wakienda pamoja. Wote wawili walifariki Juni mwaka jana, kwenye mlima Unzen, Japani. Wingu la majivu na gesi ya moto liliporomoka mtelemkoni likawakuta. Siku hiyo walikufa watu 43.”

“Pole yao. Na nyumbani amebaki nani?”

“Hawakuwa na watoto, Bibi.”

Njiti ilimfikia vidoleni, akaitupa. Aliwasha nyingine, lakini hakuongeza neno, wala Bibi hakuuliza tena. Baadaye jenereta ilikubali na mkanda ukaendelea hadi mwisho. Sikumbuki hata picha moja ya sehemu hiyo.

Nilipokuwa mtu mzima nilisoma kwamba mwaka 1985 tope la volkano ya Nevado del Ruiz liliufunika mji wa Armero, Kolombia, na kuua watu zaidi ya 20,000, na kwamba baada ya hapo Maurice alitengeneza filamu ya kuwaonya watu wanaoishi chini ya milima ya namna hiyo. Filamu hiyo ilionyeshwa Ufilipino wakati Pinatubo ulipoanza kufukuta. Mlipuko mkubwa ulitokea tarehe 15 Juni 1991, siku 12 baada ya wao kufa, na maelfu kwa maelfu ya watu walikuwa wamekwisha kuhamishwa. Natamani ningewahi kumweleza Bibi hayo, ingawa sina hakika kama yangemtosha, maana hakuwa ameuliza juu ya faida.

Usiku ule tulirudi kwa miguu, yeye akitangulia katika tope. Tulipofika kwenye kona ambako Kyejo huonekana siku za jua alisimama kidogo, akatazama upande ule uliokuwa ukungu mtupu, kisha akaniuliza kama nilikuwa nimekula.