Siku moja maishani mwangu: napitia data za mRNA nikiwa Malindi

Saa moja asubuhi. Mahamri, mbaazi, chai ya rangi, kisha nafungua kompyuta hapa nyumbani Barani. Maabara iko Ulaya, mashine ziko huko; mimi nasoma michoro yake, yenye vilima vya vipimo, kabla bechi ya dawa ya mRNA (aina ya RNA inayobeba maagizo ya kutengeneza protini) haijaruhusiwa kuendelea. Shangazi yangu hajawahi kuelewa. "Mwanangu, wakulipa kwa kutazama vilima?" Ndiyo shangazi, vilima tu.

Saa mbili namaliza mepesi: kiasi cha RNA kwa mwanga wa nanomita 260, pH, ukubwa wa chembe za lipidi, yaani mafuta yanayoifunika RNA. Hayo hayanipi presha.

Saa nne ndipo kazi inapoanza. Elektroforesisi ya kapilari, inayopima urefu wa RNA, inaonyesha kilele kimoja kizuri, vipande vilivyokatika ni haba. Mwingine angetia saini hapo. Lakini kwenye kromatografia ya HPLC, ile ya jozi za ayoni, inayotenganisha molekuli kwa jinsi zinavyonata kwenye safu yake, nyuma ya kilele kikuu pana nundu inayochelewa kutoka. Mwaka 2021 watafiti wa kampuni ya dawa ya Moderna walieleza jambo hili: lipidi ikioksidika inaweza kuzaa aldehidi, kemikali inayojibandika kwenye besi, yaani herufi za RNA. Urefu haubadiliki, kwa hiyo kapilari haioni kitu, ila seli haiwezi tena kuisoma RNA hiyo na kutengeneza protini. Ndiyo maana siiamini asilimia ya usafi iliyotoka kwenye mashine moja.

Navuta mchoro karibu. Programu imepitisha mstari wa msingi, ule wa kuanzia kupima eneo, chini ya kilele na nundu kwa pamoja, ikaihesabu nundu yote kama kilele kikuu. Naitenganisha nundu kwa mkono na kuandika sababu, maana kila badiliko hubaki kwenye kumbukumbu za mfumo pamoja na jina langu na saa.

Saa saba umeme unakatika. Swala, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Kwa joto hili hata feni ina umuhimu kuliko intaneti.

Saa tisa tunapigiana simu. Mwenzangu anadai nundu ni ndogo. Namuuliza: kipimo cha seli kinasemaje, protini inatoka kiasi gani? Bado hawajakifanya. Basi tumebishania nini?

Saa kumi na moja naandika uamuzi: bechi isiendelee, ikae kwenye friza ya nyuzi 70 chini ya sifuri hadi majibu ya seli yatoke, na lipidi iliyotumika ipimwe upya kama imeoksidika.