Siyo Maringo: Kununua Chakula Kisicho na Gluteni Ukiwa Uingereza

Kuna kauli inayoniudhi kila ninapoisikia kwenye shughuli zetu huku: "Gluteni ni ugonjwa wa Wazungu. Kula chapati, acha maringo." Gluteni ni protini iliyomo kwenye ngano na nafaka chache nyingine, na kuna watu inaowadhuru. Mtu wa namna hiyo anaambiwa hivyo mbele za watu, sahani mkononi, na kwa kuwa hataki kumvunjia heshima mama mwenye nyumba, anakula. Kesho yake tumbo limejaa, anaharisha, hana nguvu ya kwenda kazini. Na hata asipohisi chochote, kinga ya mwili wake inaendelea kuushambulia utumbo mwembamba kimyakimya. Ugonjwa huo ni siliaki. Hapa Uingereza hukadiriwa kumpata mtu 1 kati ya 100, na anayedhani ni mambo ya ngozi nyeupe ajue kwamba moja ya viwango vya juu kabisa kuwahi kuripotiwa kilitoka Afrika: utafiti uliochapishwa mwaka 1999 uliwapima watoto wa Kisahrawi, watu wa Sahara Magharibi, na zaidi ya 5 kati ya kila 100 wakakutwa nao.

Kwa hiyo ndugu unayejiandaa kuja, kama ngano inakusumbua, usiiache kabla ya kupimwa. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kipimo cha damu kinatafuta kingamwili ambazo mwili huzitoa unapokula gluteni. Ukishaiacha kwa miezi, zinashuka na majibu yanaonyesha huna kitu. Mwongozo wa huku unataka uile katika zaidi ya mlo mmoja kila siku kwa angalau wiki 6 kabla ya kupimwa. Jiandikishe kwa daktari wa mtaa mapema, maana hayo majibu ndiyo yatakayokusaidia baadaye. Ukiwa nayo, Scotland unaweza kuchukua vyakula visivyo na gluteni kwenye duka la dawa. England daktari anaruhusiwa kuandika mkate na unga tu, na kuna maeneo yaliyofuta hata hivyo viwili.

Sasa bei. Mkate usio na gluteni, tena mdogo wa kushika kiganjani, unaweza kufika pauni 3 na zaidi, wakati mkate wa kawaida wa gramu 800 unaupata chini ya pauni 1. Ukifanya rafu ile ya "Free From", ya vyakula maalumu visivyo na gluteni, kuwa duka lako, mshahara wa zamu za usiku utaishia kwenye biskuti. Sisi tumezaliwa na vyakula visivyo na gluteni: ugali, wali, ndizi, mihogo, viazi vitamu, maharage, samaki, vitumbua, mkate wa kumimina. Kapu lako la wiki lijengwe hapo, na ile rafu iwe ya mkate wa kubebea kazini tu.

Ila lazima ujue kusoma lebo, na tatizo la kwanza liko kwenye lugha yetu wenyewe. Kwetu neno shayiri watu hulitumia kwa nafaka mbili tofauti. Kwenye lebo za huku ni "barley" na "oats", na siyo kitu kimoja. "Barley" ina gluteni, haina mjadala. "Oats" zenyewe wengi wenye siliaki wanazivumilia, lakini mara nyingi hulimwa, husafirishwa na kusagwa pamoja na ngano, kwa hiyo nunua zile tu zilizoandikwa "gluten-free". Nafaka nyingine yenye gluteni ni "rye", ile ya mikate myeusi. Halafu kuna ngano zinazojificha kwa majina mengine: spelt, kamut, bulgur, couscous, semolina. Zote ni ngano.

Sheria inakusaidia. Kwenye chakula kilichofungwa, nafaka zenye gluteni ni lazima zitajwe kwa majina na zikolezwe katika orodha ya viungo, kwa kawaida kwa herufi nzito. Pitisha macho kwenye herufi nzito ukitafuta wheat, barley, rye na oats, usihangaike kutafuta neno "gluten". Maneno "gluten-free" nayo yana kipimo: si zaidi ya miligramu 20 kwa kilo. "Wheat-free" haimaanishi hivyo, kwa sababu bidhaa inaweza kukosa ngano na bado ikawa na "barley". Kinyume chake, utakuta bidhaa imeandikwa "gluten-free" na chini yake "wheat starch" kwa herufi nzito. Hiyo ni wanga wa ngano uliotolewa gluteni, na mwenye siliaki anaweza kuila. Mwenye mzio wa ngano asiiguse.

"May contain" ni habari nyingine. Mtengenezaji huandika onyo hilo kwa hiari. Likiwepo la ngano au gluteni, rudisha kopo rafuni. Lisipokuwepo, halithibitishi kwamba kiwanda ni safi, na ndiyo maana kwa unga nasisitiza yawepo maneno "gluten-free" yenyewe.

Vitu vinavyowanasa watu wetu mara nyingi: kwanza cornflakes. Mtu anasema ni mahindi, anakula mwaka mzima, kumbe zimetiwa kimea cha shayiri, ile "barley". Milo na Horlicks zina kimea hichohicho. Soseji za Kiingereza huchanganywa na makombo ya "rusk", ambayo ni ngano. Soya sosi ya kawaida hutengenezwa kwa ngano, basi tafuta tamari, soya sosi ya Kijapani, iliyoandikwa haina gluteni. Vipande vya supu ("stock cubes"), unga wa haradali, baking powder na chipsi za kugandishwa vinatofautiana kampuni kwa kampuni. Soma kila unaponunua, hata kile ulichokizoea, kwa sababu viungo hubadilishwa bila pakiti kubadilika sura.

Duka la Kihindi ndilo mkombozi wa mfuko, na ndilo lenye mitego mingi zaidi. Jifunze majina. Jowar ni mtama, bajra ni uwele, ragi ni ulezi (wimbi kwa ndugu zetu wa Kenya), besan ni unga wa dengu. Hizo ni zako. Maida na suji ni ngano. "Atta" peke yake ni ngano, lakini "makki atta" ni mahindi, kwa kuwa atta maana yake ni unga tu. "Multigrain atta" isikudanganye kwa picha za mtama kwenye mfuko, kwani kinachoongoza humo ni ngano. Tambi ziko za mchele na za ngano, zinafanana kabisa. Na kitu ambacho karibu hakuna anayekiwaza: mvuje, kile kiungo chenye harufu kali ambacho Wahindi hukiita hing. Ule wa unga kwenye kikopo mara nyingi huchanganywa na unga wa ngano ili usigande. Upo unaochanganywa na unga wa mchele, uulizie huo.

Unga wa mtama kwa asili ni salama, shida ni kinu. Kinu kilichosaga ngano asubuhi na mtama mchana kinakuachia ngano ndani ya mtama, na kwa mwenye siliaki makombo tu yanatosha kudhuru. Hili linahusu pia ule mfuko ambao shangazi amekutumia kwa upendo kutoka nyumbani. Uji wa lishe ndio mbaya zaidi, kwa kuwa mara nyingi ngano imo kwenye mchanganyiko wenyewe, pamoja na soya na karanga. Mwambie shangazi atume ulezi mzima, haujasagwa. Utachambua punje moja moja kwenye sinia, utaosha, utaanika, utasaga kwenye mashine yako ya nyumbani ambayo haijawahi kuguswa na ngano.

Vitu vya kupimwa kwa pauro kutoka kwenye ndoo za wazi achana navyo, hata kama ni dengu. Pauro moja huzunguka ndoo zote. Sambusa za kaunta, hapana. Chipsi za mtaani ni viazi na mafuta, lakini uliza kama samaki wa unga amekaangwa kwenye mafuta hayohayo. Tangu Oktoba 2021, chakula kinachotengenezwa na kufungwa dukani hapohapo, kama sandwichi, lazima kiwe na orodha kamili ya viungo. Kisichofungwa, muuzaji anawajibika kukujibu ukimuuliza. Akisema "nadhani haina", usinunue.

Ukitamani chapati, chukua unga wa mtama kikombe 1 na maji yanayochemka kikombe 1, chumvi kidogo. Mimina maji kwenye unga, koroga kwa mwiko, funika dakika 10, kisha kanda ungali moto. Ukiuacha upoe, utapasuka ukiusukuma. Sukuma katikati ya karatasi mbili za plastiki, na ukitaka ushikane zaidi ongeza kijiko kimoja cha isabgol, maganda ya mbegu yanayouzwa kwenye duka lilelile la Kihindi. Mwiko, kibao na chekeche viwe vyako peke yako. Matundu ya chekeche hayaoshiki yakaisha ngano, na moto hauiui gluteni.